Mlezi Hayumo Kwenye Daftari: Serikali na Wanaouguza Wagonjwa wa Mfumo wa Fahamu Mkoani Katavi



Nimeombwa nizungumzie msaada wa serikali kwa wanaowatunza watu wenye magonjwa ya mfumo wa fahamu. Niseme mapema ninachoamini, ili anayetaka kunipinga ajiandae: katika mkoa wetu msaada huo haupo kama kitu chenye jina lake. Kuna huduma kwa mgonjwa, kuna ruzuku kwa kaya maskini, kuna mkopo kwa mtu mwenye ulemavu. Mlezi huambulia makombo ya hayo matatu, akibahatika. Wengi husema tatizo ni uchache wa fedha. Fedha ni chache kweli, lakini hata zilizopo hazimfikii mlezi, kwa sababu hakuna ofisi inayomwona kuwa ni mtu anayepaswa kuhudumiwa. Anahesabiwa pamoja na kitanda, shuka na uji.

Magonjwa ninayoyasemea mnayajua: kifafa, mtindio wa ubongo, kichwa kikubwa na mgongo wazi, kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, usahaulifu mkubwa wa uzeeni, pamoja na ulemavu unaobaki baada ya malaria kupanda kichwani. Daktari atawaambia kila mmoja una chanzo chake na tiba yake, na atakuwa sahihi. Kwa anayeuguza, yote yanafanana kwa jambo moja: mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, na hali hiyo haiishi wiki mbili. Inachukua miaka. Mwenye kifafa akiachwa jikoni anaweza kuangukia moto. Aliyepigwa na kiharusi asipogeuzwa anatoka vidonda vya kulalia. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hutoka alfajiri akaenda kulitafuta shamba aliloliuza zamani.

Sasa tuuangalie mkoa wenyewe. Katavi ilizaliwa Machi 2012, ikimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Ni asilimia 7.1 kwa mwaka. Si watu hao wote waliozaliwa hapa. Walikuja na ng'ombe, walikuja kufuata ardhi ya mpunga na tumbaku, walikuja kwa biashara. Wengine wana historia ndefu zaidi: Katumba na Mishamo zilianza kama makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wa wakazi wake ni raia wa Tanzania sasa.

Nayataja haya kwa sababu sera zetu zote za matunzo zimesimama juu ya neno moja, nalo ni ndugu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaweka wajibu wa kwanza wa kumtunza mtu mwenye ulemavu mikononi mwa jamaa zake, halafu ndipo inazitaja serikali za mitaa. Kwa Tanzania ya vijiji vya zamani, ambako shangazi yuko nyumba ya pili na bibi yuko uani, sharti hilo lina mantiki. Lakini Katavi ni mkoa wa watu walioacha ndugu zao walikotoka. Mama wa Kisukuma aliyehamia Mpimbwe na mumewe miaka minane iliyopita, mama yake mzazi yuko Shinyanga. Dada wa kumpokea mtoto kwa siku mbili yuko Kahama. Mzee wa Mishamo ambaye ukoo wake ulisambaratika 1972 hana orodha ya wajomba wa kuitisha kikao cha familia. Tunapoandika kwenye taarifa zetu kwamba mgonjwa "yuko chini ya uangalizi wa familia", mara nyingi familia hiyo ni mtu mmoja. Na mtu huyo ni mwanamke.

Tena wakati mwingine ni msichana. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wakunga mlioko hapa mnajua kinachofuata. Nyonga haijakomaa, uchungu unachukua muda mrefu, zahanati iko mbali, mtoto anakosa hewa wakati wa kuzaliwa. Akipona, anaweza kubaki na mtindio wa ubongo. Kwa hiyo kuna walezi wa kudumu wa miaka 17, ambao wao wenyewe bado wanahitaji kulelewa. Baba wa mtoto mara nyingi hayupo. Nisingependa kuwaonea wanaume, kwani wapo wanaobeba watoto wao mgongoni bila aibu, lakini kwenye foleni za kliniki ni wachache.

Nitumie mfano wa kutunga, ambao nimeuunganisha kutoka kaya nyingi ili nisimwanike mtu. Mama anaishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwanawe wa miaka saba ana mtindio wa ubongo na kifafa. Dawa imeisha kituo cha afya, anaambiwa aifuate Mpanda mjini, zaidi ya kilomita 100. Hawezi kumwacha mtoto, kwa hiyo anasafiri naye mgongoni, na ndani ya gari anaombwa nauli ya watu wawili kwa sababu mtoto amekuwa mkubwa. Akifika anapewa dawa ya mwezi mmoja. Safari hiyo, kwenda na kurudi, imekula siku mbili au tatu za palizi. Msimu ukiisha, shamba lake ndilo lenye mavuno haba, na kijijini wanamwita mvivu.

Mama huyo anagusa milango mingapi ya serikali? Watu wenye ulemavu wako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ustawi wa jamii uko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Dawa ni Wizara ya Afya. Zahanati, shule na afisa ustawi aliyeko wilayani wako chini ya TAMISEMI. Ruzuku ni TASAF. Kila mlango unamuuliza habari za mtoto, na ni haki. Hakuna unaomuuliza yeye analala saa ngapi, mgongo unamuuma tangu lini, nani atambeba mtoto akifikisha miaka kumi na mitano.

Tuchukue TASAF, kwa sababu ndiyo inayofika vijijini kuliko nyingine. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unatoa ruzuku, na kwa kaya zenye watu wenye uwezo wa kufanya kazi kuna ajira za muda: kuchimba lambo, kutengeneza barabara, kupanda miti. Mama yetu ana miaka 24 na mikono imara, kwa hiyo kwenye karatasi kaya yake ina nguvukazi. Lakini akienda kwenye lambo mtoto anabaki na nani? Asipokwenda, jina linakosa mahudhurio. Mpango haukukusudia kumwadhibu. Haukuweka tu kisanduku cha kumwandikia.

Au mikopo ya asilimia kumi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato ya ndani, baada ya kuondoa vyanzo vilivyolindwa: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Fungu la asilimia mbili mara nyingi ndilo linalosumbua kupata waombaji, na sababu moja iko wazi: mtu mwenye ulemavu mkubwa wa ubongo hawezi kuandika andiko la mradi wa kufuga kuku. Anayeweza ni mama yake. Ninaomba kila halmashauri iseme kwa maandishi, na ibandike kwenye mbao za matangazo, kama mlezi anaruhusiwa kuomba kwa niaba ya mtu anayemtunza na kwa masharti gani. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 3 zisizolindwa, asilimia mbili ni milioni 60. Si fedha ya kurudishwa benki bila kutumika wakati walezi wapo.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nalisema hata likikera. Tunapenda sana kukabidhi viti mwendo. Kamera inakuja, mheshimiwa anasukuma kiti hatua tatu, watu wanapiga makofi. Kiti ni kizuri na kinahitajika. Lakini kwenye njia ya mchanga au tope la Majimoto wakati wa masika, anayekisukuma ni mlezi yuleyule, na tairi likipasuka hakuna fundi mwenye saizi yake. Kwa gharama ya hafla moja tungeweza kulipa nauli za dawa kwa kaya kadhaa mwaka mzima. Hakuna picha ya nauli.

Wenzetu wamefanyaje? Kenya ilianza mwaka 2011 kutoa fedha kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji uangalizi wa saa zote. Ni shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi, ndani ya mpango unaoitwa Inua Jamii. Kiasi ni kidogo na malipo huchelewa, Wakenya wenyewe wanalalamika. Lakini mpango huo una kitu ambacho sisi hatuna: mlezi anaandikishwa kwa jina lake, kwa kitambulisho chake, naye ndiye anayepokea. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hiyo haikuwalenga walezi, lakini nyumba yenye mzee aliyepigwa na kiharusi inajua tofauti kati ya kuwa na shilingi 50,000 za uhakika na kutokuwa nazo.

Nitawapeleka mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu kuna kisa kinachotuhusu. Nchi hiyo ilianza mwaka 1976 kuwalipa posho watu walioacha kazi ili kumtunza mgonjwa wa kudumu. Wanawake walioolewa hawakuhusika. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mke wa mtu yuko nyumbani hata hivyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliacha kazi kumtunza mama yake, akanyimwa posho, akashtaki. Juni 1986 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba sheria ile ilibagua, na posho ikafunguliwa kwa wake za watu. Ilichukua miaka kumi, katika nchi tajiri, kukubali kwamba kumtunza mgonjwa ni kazi hata inapofanywa na mwanamke aliye nyumbani. Dhana ileile iko hapa. Tunasema yuko nyumbani hata hivyo, huku tukijua kwamba Katavi mwanamke hayuko nyumbani: yuko kwenye mpunga, kwenye karanga, kwenye bani la tumbaku.

Lakini sitaki tuondoke tukidhani mfano uko kwa wageni tu. Nchi hii iliwahi kuwaona walezi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipozidi nguvu hospitali, tuliunda wahudumu wa wagonjwa majumbani. Walifundishwa, wakapewa vifaa, wengine baiskeli, na walikuwa wanamtembelea mgonjwa na yule anayemuuguza. Dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure mwaka 2004, na leo mtu aliye imara anachukua za miezi mitatu au sita kwa mara moja, ili asipoteze siku za kazi njiani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ililipwa na wafadhili, na tunajua fedha za wafadhili zinavyoweza kukatika. Hata hivyo ujuzi umebaki kwetu. Kwa nini mwenye kifafa apewe dawa ya siku thelathini? Wafamasia watanikumbusha kwamba fenobarbitoni ni dawa inayodhibitiwa. Nalikubali hilo, na ndiyo maana nasema miezi mitatu, kwa mgonjwa aliyeandikishwa na anayefahamika kituoni, wala sisemi mwaka.

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu msaada mkubwa kuliko wote kwa mlezi wa mwenye kifafa si fedha. Ni dawa isiyokatika. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Mtu asiyeanguka hahitaji kulindwa usiku na mchana. Analima, anaoa, anamwachia mama yake nafasi. Jambo hili limethibitika hapahapa nchini. Miaka ya 1960 Dkt. Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, mahali ambapo wagonjwa walitengwa hata sahani, kwa kuogopwa kwamba povu lao linaambukiza. Dawa aliyotumia zaidi ilikuwa ya bei ndogo, fenobarbitoni hiyohiyo, na waliokuwa wamefichwa vibandani wakarudi shambani. Miongo mingi baadaye utafiti wa wilaya ya Hai ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa kwenye dawa. Hiyo ni Kilimanjaro, yenye hospitali kubwa ya KCMC. Sisi tulio mbali na hospitali kama hiyo tujipime wenyewe.

Kinga nayo ni msaada kwa mlezi ambaye bado hajawa mlezi. Kanuni za 2011 zinataka unga unaosagwa viwandani uongezwe virutubisho, ikiwemo asidi ya foliki inayopunguza mgongo wazi. Mahindi ya Katavi yanasagwa kwenye mashine za mtaani, kwa hiyo kanuni hiyo inatupita juu. Na minyoo ya nguruwe inayoingia ubongoni na kuleta kifafa huzuiwa kwa choo, kwa kunawa mikono na kwa kutowaacha nguruwe wazurure. Nayaacha hapo, kwani wataalamu wa lishe na mifugo wana mada zao.

Fedha taslimu sasa. Wapo wanaosema tudai posho ya kila mwezi kwa walezi nchi nzima. Naunga mkono dai hilo, tena lina msingi: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 28 kinataja waziwazi msaada wa serikali kwa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu, mafunzo, ushauri, fedha, na matunzo ya muda ili mlezi apumzike. Tumesaini. Lakini posho ya kitaifa itaamuliwa Dodoma, na sitaki tukae Mpanda tukiisubiri kama mvua. Halmashauri zetu tano, Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mpimbwe, Mlele na Tanganyika, zinaweza kuanza na nauli. Tuseme halmashauri imetambua kaya 200 zenye mgonjwa wa kudumu asiyeweza kuachwa, ikatoa shilingi 20,000 kwa kila kaya kila robo mwaka. Hiyo ni milioni 16 kwa mwaka. Madiwani wamewahi kupitisha zaidi ya hapo kwa mambo madogo kuliko hilo.

Pili ni mapumziko. Shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, inapompokea mtoto asubuhi na kumrudisha mchana, inampa mama saa sita za kulima. Hakuna posho inayofanana na hizo saa sita. Tatizo ni usafiri na ni woga wa walimu kwa mtoto anayeanguka. Woga huo unatibika kwa mafunzo ya siku moja: mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, usimtie kijiko mdomoni, hesabu dakika, zikizidi tano mkimbize kituoni. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Tuhakikishe hawa wetu wanajua kumgeuza mgonjwa, kumlisha asiyemeza vizuri, na kumuuliza mlezi habari zake mwenyewe. Sonona ya mlezi haipigi kelele.

Nimesikia hofu kwamba daftari la walezi litajazwa walezi hewa. Hofu hiyo ina haki. Yaliyotokea kwenye vikundi vya mikopo tunayakumbuka. Pia wapo ndugu wanaomchukua mgonjwa kwa ajili ya fedha na kumfungia chumbani. Dawa yake ni kumtembelea. Jina liingizwe na mtendaji wa kijiji, lithibitishwe na mhudumu wa afya aliyefika nyumbani, lipitiwe kila baada ya miezi sita, na mkutano wa kijiji usomewe idadi tu, si majina na magonjwa ya watu.

Maandalizi ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 hayasubiri hotuba. Nawaomba wakurugenzi waingize kifungu kimoja chenye jina la walezi, hata kikiwa kidogo, kwa sababu kifungu kikishakuwa na namba mwakani kinaweza kuongezwa. Na kwenu watendaji wa kata: kabla ya kikao kijacho cha kamati ya maendeleo ya kata, mpelekeeni afisa ustawi orodha ya walezi wenu, kwa ridhaa yao, ikionyesha kijiji, ugonjwa wa anayeuguzwa na umbali hadi mahali dawa inapopatikana. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Ziko kwenye meza karibu na mlango. Kila mmoja achukue za vijiji vyake vyote.